Tulivaa VR kabla ya kuvunja jiko la mama, mzee ndo aliyegundua ukuta unadanganya

Ngoja niandike hii kabla sijasahau, maana watu kama watatu wameniuliza ile miwani mikubwa ya VR niliyoposti status imesaidia nini kwenye nyumba. Imesaidia tena sana, ila sio kwa namna tuliyouziwa.

Nyumba ni ya wazee iko Tabata, mzee alijenga kidogo kidogo mshahara wa ualimu, akahamia 1996 haina hata siling bodi. Zile nyumba mnazijua, koridoo ndefu katikati vyumba huku na huku, jiko dogo mwisho kabisa karibu na mlango wa uani, stoo pembeni yake. Sasa dada yangu anafanya kazi Muscat, akasema mwaka huu tuwatengenezee wazee, yeye anatoa nusu sisi wengine tunajazia. Hapo ndo vita ikaanza. Dada anataka ukuta wa jiko na sebule uvunjwe pawe wazi, kisiwa katikati, yani kaunta inayosimama peke yake, na viti virefu. Mama anasema yani mgeni akae sebuleni ananitazama nakaanga samaki, na ile harufu ikae kwenye mapazia mpaka Idi? Mzee yeye hataki kuvunjwa kitu, anataka bati jipya na rangi basi, kila tukianza kuongea anasimama anaenda kumwagilia mchicha.

Ramani tulishachorewa ikatandazwa mezani lakini ukweli ni kwamba ramani inasomwa na aliyeichora. Mama aliiangalia akasema nzuri mwanangu, nikajua hajaona kitu. Ndo jamaa mmoja akaniambia kuna ofisi hapa mjini wanakuvalisha VR unatembea ndani ya nyumba kabla haijajengwa. Jina la ofisi naliacha, mtaona mbele kwanini. Bei laki 4, unapata modeli, yani nyumba yako ikiwa imejengwa kwenye kompyuta, na seshen 2 za kuvaa.

Kwa ambao hawajui inavyofanya kazi, mchoraji anaijenga nyumba kwenye SketchUp kwa vipimo vyake halisi, juu yake anaweka programu nyingine kama Enscape ambayo inatia mwanga, vivuli, marumaru, majani ya nje, alaf picha inatoka kwenye kompyuta inaingia kwenye hedseti, ndo ile miwani mikubwa, kwa kebo. Hedseti inaonyesha kila jicho picha yake na ina kamera zinazofuatilia kichwa chako, ukiinama unainama kweli, ukipiga hatua unasogea kweli. Kubwa kuliko vyote ni kwamba kila kitu kiko saizi yake, mlango wa sentimita 90 unausimamia kama mlango wa sentimita 90. Kwa Kiswahili cha vitabuni wanaita uhalisia pepe, na hilo neno pepe mama alipolisikia alisema Bismillahi kabla ya kuvaa.

Seshen ya kwanza tulienda mimi, mama, mzee na mdogo wangu. Ofisi safi, kiyoyozi, wametoa meza pakabaki nafasi kama mita 3 kwa 4. Kijana akamwambia mzee shikamoo mzee wangu, mzee na mama wakaitikia kwa pamoja, tukaanza vizuri. Akavaa mama kwanza. Aisee. Alikaa kimya dakika nzima alaf akasema "kumbe ndo mlikuwa mnasema hivi". Marumaru nyeupe zinang'aa, jua linaingia dirishani, kwenye kisiwa kuna bakuli la malimau, sijui kwanini kila jiko la kwenye kompyuta lina malimau. Akawa anazunguka kile kisiwa taratibu kama gari linavyozunguka Mnara wa Saa, mkono mbele. Akajaribu kuegemea kaunta. Kaunta si haipo, mdogo wangu akamdaka kiuno. Tukacheka, yeye pia, na mtu akisema ukweli, pale pale mama alikuwa ameshakubali jiko la wazi, malimau yale yalimmaliza.

Sasa mzee. Alikuwa hataki, tukambembeleza, akavaa kwa sura ya mtu anayepimwa presha. Akasimama mlango wa uani akaangalia huku na huku, akatembea kuelekea ukuta wa stoo. Akarudi. Akatembea tena. Kijana anamwambia mzee angalia juu uone jipsam na taa, mzee hamsikilizi anahesabu. Alaf akavua akasema:

"Hili sio jiko langu."

Tukasema baba hilo ni jiko jipya, ndo litakavyokuwa. Akasema hapana, mlango wa uani mnasema hamuugusi, ukuta wa stoo hamuugusi, sasa kutoka pale mpaka pale ni hatua zangu nne, natembea pale miaka thelathini usiku umeme umekatika bila tochi, hapa nimetembea hatua tano.

Kijana akatabasamu ile ya kumvumilia mzee, akasema mzee wangu kwenye VR watu wengi mwanzoni wanaona umbali tofauti kidogo. Na kweli kuna kitu kama hicho, mtu akivaa mara ya kwanza macho yanaweza kumpa umbali sio sawa. Lakini mzee hakutumia macho, alitumia miguu. Jioni nikachukua tepu nikapima. Kwenye modeli mita 3 na sentimita 10. Jikoni kwetu mita 2 na sentimita 65. Nusu mita kasoro sentimita 5 imepotea!

Kumbe wale hawakuja kupima nyumba, walichukua ramani ya zamani tuliyowapa wakaichapa vile vile kwenye kompyuta. Na ile ramani haikufuatwa, mzee mwenyewe mwaka 93 alimwambia fundi asogeze ukuta ampe nafasi kwenye stoo ya kuweka pipa la maji na magunia, nani angekumbuka kuiandika. Sasa pigeni hesabu, mpango wao ulikuwa kaunta sentimita 60, njia 90, kisiwa 70, njia 90, jumla 310 kamili. Ukitoa 45 njia moja inabaki ya sentimita 45, hapo mama apite kiupande amebeba sufuria la ubwabwa. Tungeijua lini? Siku fundi kashamwaga zege la kaunta.

Kwahiyo ushauri wangu namba moja na ndio sababu ya kuandika yote haya: kabla hawajakuonyesha nyumba mpya, waambie wakuonyeshe NYUMBA ILIVYO SASA kwenye VR. Bila rangi, bila malimau, kuta tu. Alaf mvalishe mtu anayeijua nyumba gizani. Nyumba mpya hakuna anayeweza kuikosoa maana hakuna aliyewahi kuishi humo, ila ya zamani mwili unaijua. Ikipita mtihani huo ndo waendelee, isipopita basi huko mbele unaangalia katuni.

Ofisi nikawarudia. Wakakubali kosa nusu nusu, wakaja kupima na ile mashine ya leza, siku moja tu wamemaliza, alaf wakaniletea bili ya laki na nusu ya "marekebisho ya modeli". Marekebisho ya kosa la nani? Tulibishana wiki nzima mpaka tukamalizana nilipe elfu 50 na wanipe faili la SketchUp lenyewe. Hilo faili lidaini tangu siku ya makubaliano, liandikwe, maana ndilo lenye thamani, vidio na picha ni mapambo tu.

Faili nilipolipata ndo nikaamua kujifanyia mwenyewe. Hedseti nilichukua Quest 2 ya Meta, mtumba, ile iliyotoka 2020, laki 5 na nusu Kariakoo kwa kijana anayeleta vitu kutoka Dubai. Laptopu ya mtoto wa dada ya kuchezea gemu, yenye grafiksi kadi ya maana, bila hiyo usijisumbue picha inakatakata na utatapika. Programu nikatumia Twinmotion ya Epic Games, wale wa Fortnite, ni bure kama huingizi zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, na mimi hapo nilipita bila kupingwa. Inafungua faili la SketchUp moja kwa moja. Kuna kujifunza kidogo, jioni kama tatu hivi za kukosea. Kebo usinunue ya kampuni, ya kawaida ya yuesibii ndefu mita 5 inafanya kazi.

Nafasi ya kutembea ilikuwa shida mpaka jirani akatupa fremu yake ya duka isiyo na mpangaji. Hapo ndo tulifaidi, unatembea chumba kizima kwa miguu badala ya kuruka ruka kwa rimoti. Kila Jumapili jioni familia inaenda fremuni kama tunaenda kikao cha harusi, watoto wa mtaani wamejaa mlangoni wanaangalia babu ya watu anapapasa hewa.

Nikafuta mapambo yote. Kuta za kijivu, makabati maboksi ya kijivu. Mama alilalamika jiko limekuwa kama godauni, lakini nawaambia siku ile ya godauni ndo tuligundua vitu kuliko siku ya malimau. Mfano mlango wa choo kipya ukifunguka unagonga mlango wa chumba cha wazee, kwenye ramani vile vimsitari vya milango hakuna aliyeviona vikikutana. Koridoo ya sentimita 95 mtu mmoja anapita vizuri, wawili mmoja ana beseni la nguo haiwezekani, tulijaribu kwa beseni la kweli mkononi. Na vitanda! Chukueni hii, samani za kwenye zile programu zinatoka maktaba za huko kwao, ofisi walituwekea kitanda cha futi 4 kwa 6 kwenye chumba cha wazee na sofa mbili nyembamba za miguu ya fimbo sebuleni. Wazee wanalala 6 kwa 6, na sebuleni kuna seti ya sofa ya mafundi wa Keko ya mwaka 2009 yenye mikono mipana kiasi unaweka sahani ya wali juu yake. Nikapima za kwetu nikatengeneza maboksi ya saizi hizo, sebule ya kifahari ikageuka stendi. Pima samani zako mwenyewe, kila moja, na friji usisahau nafasi ya mlango wake kufunguka.

Jua nalo. Ile seshen ya kwanza jua lilikuwa linaingia vizuri dirisha la jikoni saa 6 mchana, mama akalipenda. Nilipofungua faili nikakuta hawakuweka nyumba iko wapi duniani, na SketchUp usipoiambia mara nyingi inakuweka Boulder, Colorado, ndiko programu ilikozaliwa. Kwahiyo mama alipewa jua la Marekani. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima, sisi Dar mwezi wa 6 linakaa upande wa kaskazini na mwezi wa 12 linahamia kusini. Nilipoweka Dar na kugeuza kaskazini ilipo kweli, dirisha lile halipati jua lolote kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 8, ila dirisha la chumba cha wazee upande wa magharibi saa 10 jioni linawaka moto. Tukaongeza kibaraza upande ule, bati futi 5 mbele. Hiyo peke yake nahisi imerudisha hela ya hedseti.

Ukuta wa jiko ulimalizwa na mbuzi. Mama alikuja na mbuzi ya kukunia nazi, akaiweka chini fremuni, akakaa, akasema nivalisheni. Akavaa akiwa amekaa vile vile chini. Akauliza mimi nikikaa hapa nakuna nazi naona nini? Alikuwa anaona miguu ya viti virefu vya dada na sofa lote la wageni linamtazama. Akavua akasema ukuta ubaki, tobo la kupitishia chakula sawa. Nikarekodi ile skrini nikamtumia dada Muscat, nikamtumia na picha ya nyuzi 360 aone kwenye simu kwa kimiwani cha karatasi ngumu. Alinyamaza siku mbili alaf akajibu "sawa, ila viti virefu viwili nje kwenye kibaraza". Miezi minne ya ugomvi wa simu imeisha kwa mbuzi.

Sasa VR haikuambii nini. Haikuambii upepo, na nyumba ya Dar ni upepo. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kwenye modeli yanapendeza sana lakini yanafunguka nusu tu, kusi na kaskazi zinagonga kioo zinaondoka, ndani mnapikwa. Tuliligundua kwa jirani ambaye kashayaweka, sio kwenye hedseti. Haikuambii joto la bati, wala harufu ya chemba, wala kelele za gereji nyuma ya nyumba. Na haikuambii ukuta upi umebeba nini, kwenye VR unafuta ukuta kwa kidole kimoja, kwenye nyumba juu yake kuna lenta na kenchi, mwite mhandisi aje aangalie na kibali cha halmashauri ufuate, hivyo vitu havina hedseti.

Kifaa chenyewe: nusu kilo usoni, dakika 20 mama shingo inamuuma. Mkanda unateleza juu ya ushungi wa kitambaa laini, vaa kilemba cha pamba kinashika vizuri. Jasho sio la kawaida, nunua kile kifuniko cha mpira cha usoni upanguse kati ya mtu na mtu. Mzee anavaa miwani, kuna kipande cha plastiki kinawekwa kuongeza nafasi, muuzaji wa mtumba mara nyingi amekipoteza muulize. Lenzi za Quest 2 zinasogezwa kufuata upana wa macho yako, ila nafasi 3 tu, za Quest 3 ya 2023 zinasogea kidogo kidogo na picha kali zaidi, mwenye hela achukue hiyo. Batri masaa 2, ila umeme ukikatika kinachozima ni wayafai na moyo. Mdogo wangu alitapika siku ya kwanza kwasababu alitembea kwa rimoti kama gemu huku mwili umesimama, tumia ile ya kuruka sehemu kwa sehemu au tembea kwa miguu yako. Watoto chini ya miaka 10 kampuni yenyewe inakataza.

Na jamani USIACHE hedseti lenzi zimetazama jua, hata la dirishani, lenzi inafanya kazi ya kioo cha kuwashia moto inachoma skrini. Yangu ina kidoti cha njano kona ya kulia kutokana na dakika chache juu ya ndoo fremuni.

Je uende ofisini au ununue? Kama hujui kompyuta na huna kijana wa kukusaidia nenda ofisini, ila hakikisha msanifu amesajiliwa kwenye bodi yao, aje kupima kwa mkono wake, na seshen ya kwanza iwe ya nyumba ilivyo. Kwa huduma niliyopata mimi nawapa nyota 2 kati ya 5, ya pili ni ya kiyoyozi. Hedseti ya mtumba na fremu ya jirani nyota 4, moja naizuia kwa ajili ya kidoti cha njano ingawa kosa ni langu.

Mafundi sasa hivi wako kwenye lenta ya kibaraza. Jikoni mzee ameshapita na tepu mara mbili, juzi nimemkuta usiku anatembea kutoka mlango wa uani kuelekea stoo, taa kazima makusudi. Nikamuuliza vipi baba, akasema nne.